Walicheka ukuta wake, hakuna aliyeuliza kama amepona

Asubuhi hii fundi rangi hajachovya rola hata mara moja, na tayari mwenye nyumba amekunja mikono mlangoni.

Chumba ni sebule ya kawaida yenye dirisha moja. Makochi yamesogezwa katikati na kufunikwa shuka kuukuu. Ukuta umeshapigwa msasa na kufutwa vumbi. Fundi anatembea huku mkono ukipapasa ukuta, anakwenda kushoto mpaka pembe ya mwisho, anabandika utepe mwekundu kuanzia usawa wa kichwa hadi chini, kisha anaugusa kwa kiganja. Anageuka kumtazama mkewe, ambaye amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na pembe hiyohiyo.

"Umeuona?" mkewe anauliza.

"Nimeuona."

"Haya, baba. Anzia huku kwangu."

Ndipo anachovya rola. Anaanza kwenye utepe, anakuja kulia taratibu, na rangi ya krimu inalala bila michirizi. Kila akimaliza kipande anarudi kuutafuta utepe kwa macho. Asipouona, haendelei. Hivi ndivyo anavyofanya kazi tangu alipopata nafuu, na nyumba alizopaka kwa mtindo huu zipo, zinakaliwa na watu, na hakuna hata moja iliyobaki na ukuta mtupu.

Mwenye nyumba habanduki mlangoni. Baada ya muda anakohoa. "Fundi, usinielewe vibaya. Ile video nimeiona."

Fundi anaendelea kupaka. Anayejibu ni mkewe, bila kunyanyuka kwenye ndoo. "Kila mtu ameiona, kaka. Kaa basi utazame na hii ambayo hawakurekodi."

Baba Pacha, kama majirani wanavyomwita kwa sababu ya wanawe mapacha, alishika brashi kabla hajaota ndevu. Kazi alifundishwa na kaka yake mkubwa, mtu mkali aliyekuwa akimfuta kazi kila Ijumaa na kumrudisha kila Jumatatu. Sifa yake mjini ilikuwa pembe za juu, pale dari na ukuta vinapokutana. Wengine hubandika karatasi ili rangi isivuke. Yeye alikuwa anapita na brashi mkono mtupu, akipiga soga, na mstari unatoka umenyooka.

Miaka sita iliyopita alikuwa anapaka ukumbi wa mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi. Wakati wa chai kichwa kilimzunguka na mguu wa kushoto ukawa mzito. Akadhani ni jua na njaa. Alikaa kidogo, akanyanyuka, akaendelea na kazi. Alipomaliza aliosha brashi zake, akavaa shati, akaenda kumwita mwenye nyumba aje kukagua.

Mwenye nyumba alikuta ukuta uliopakwa nusu. Upande wa kulia ulikuwa safi, wa kupendeza. Upande wa kushoto ulikuwa saruji tupu.

"Akaniuliza, 'Umelewa saa saba hii ya mchana?'" anasimulia fundi. "Nikamwambia pombe siijui. Akasema, 'Basi malizia kazi.' Nikamwambia nimemaliza. Tukabishana weee. Yeye ananiona tapeli, mimi namwona ana wazimu. Na nakuapia, nilikuwa nasema kweli yangu. Kwangu mimi ule ukuta ulikuwa umeisha."

Alifukuzwa kama kibaka. Njiani bega lake la kushoto liligonga nguzo ya taa, akaitukana nguzo. Nyumbani alikula chakula cha upande mmoja wa sahani, akanung'unika kwamba siku hizi anapunjwa. Mkewe akaizungusha sahani, na fundi akakitumbulia macho chakula kilichotokea mbele yake kama mtu aliyefanyiwa kiinimacho. Kesho yake alinyoa ndevu za shavu la kulia, akajitazama kwenye kioo, akaridhika.

"Sahani nilijua ni utani wake," anasema mkewe. "Huyu ana utani mpaka msibani. Lakini ndevu? Mwanamume huyu hatoki nje bila kujitazama mara tatu. Hapo nikakaa chini nikalia, nikajua kuna kitu kimevunjika."

Hospitali ilikipa jina kitu hicho: kiharusi. Mshipa wa damu ulikuwa umeziba upande wa kulia wa ubongo, kwenye sehemu inayomfanya mtu aujali upande wake wa kushoto. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Mtu wa hali hii haoni giza wala pengo. Kwake upande ule haupo, na kitu ambacho hakipo hakuna anayekitafuta. Ndiyo maana aliweza kumwapia mwenye nyumba bila kupepesa.

Habari zake hazikuishia wodini. Baada ya wiki chache walimfuata watu wa chuo kikuu, kutoka idara ya saikolojia, kwa adabu na kwa gari zuri. Wakamvalisha kofia ya nyaya inayosikiliza umeme wa ubongo. Wakamlaza kwenye mashine ya sumaku iliyopiga kelele kama karakana ya mabati. Wakamwambia achore saa ya ukutani, naye akazirundika namba zote kumi na mbili upande wa kulia, zikabanana kama abiria. Wakampa mstari aukate katikati, akaukatia karibu na mwisho.

"Mimi nilifurahi," anasema. "Sikufichi. Mtaani wote wanasema nimelewa, nimelogwa, nimekuwa tapeli. Hawa wakaniambia, 'Hapana, ni ubongo.' Mtu akikwambia wewe si mwongo, utampa chochote."

Na alitoa. Inafaa msomaji ajue jinsi elimu hii inavyopatikana, maana wengi wetu huipokea darasani ikiwa imeshapikwa. Ubongo wa mtu aliye hai haufunguliwi ukachokonolewa ili kuona kitakachotokea. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, wanaoutafiti wamelazimika kusubiri uumie wenyewe: ajali, uvimbe, kiharusi. Uwezo unaompotea mgonjwa ndio unaowaonesha watafiti kwamba sehemu ile ilikuwa na kazi gani. Mashine za leo zimeongeza mengi, lakini somo la mwaka wa kwanza bado linawategemea sana watu walioumia. Kila mwanafunzi anayejibu swali la mtihani kuhusu ubongo anajibu kwa hasara ya mtu fulani. Basi angalau mtu huyo angeheshimiwa.

Siku ya mwisho walimletea ubao wa plaiwudi, mpana kama ukuta wa choo, pamoja na rangi ya bluu na rola mpya. Wakamwomba aupake. Walijua fika kitakachotokea; kamera ilikuwa imeshafungwa kwenye miguu yake mitatu ikisubiri. Fundi alifurahi kushika rola. Akapaka nusu ya kulia kwa ufundi wote aliobaki nao, akarudi nyuma hatua chache, akaegemeza rola begani, akatamka maneno anayoyatamka kila amalizapo kazi: "Hapo hata mwenye nyumba mkorofi hakosoi."

Kabla ya hapo alikuwa ametia sahihi karatasi ya ridhaa, na hapa ndipo damu inapochemka.

Karatasi ile ilieleza kwamba picha zake zitatumika kufundishia. Lakini aliyepewa aisome ni mtu aliyekuwa akiusoma kila mstari kuanzia katikati. Mkewe alikuwa nje kwenye benchi, ameambiwa asubiri. Hakuna aliyemsomea. Hakuna aliyeigeuza karatasi wala kumwekea kidole pale mistari inapoanzia. Watu waliomwita kwa sababu nusu ya ukurasa kwake haipo, walimpa ukurasa na kalamu, wakaona wametimiza wajibu.

"Nilipata maneno ya mwishomwisho," anasema. "Mengine yalileta maana, mengine hayakuleta. Nikaona haya kuuliza. Wamevaa makoti meupe, wamenipa kiti kizuri. Nikasema hawa wasomi, watanidhulumu nini? Nikatia sahihi. Halafu najua niliitia pembeni kabisa, kulia, maana mmoja wao alitabasamu akaipiga picha."

Baada ya ubao ule, gari zuri halikurudi.

Aliyerudi, wiki baada ya wiki, ni mama mmoja wa mazoezi ya tiba kutoka hospitali. Yeye ndiye aliyeleta wazo la utepe mwekundu: ubandike mwisho wa kushoto wa kitabu, wa meza, wa mlango, na usikubali kwamba umemaliza mpaka uuone. Mkewe akakata nguo yake nyekundu vipandevipande, nyumba nzima ikawa imefungwa vitambaa. Mapacha wakafanya mchezo: baba akiusahau upande wa kushoto, wanapiga makofi wakiwa upande huohuo. Ilichukua zaidi ya mwaka. Mkewe aliacha kazi ya kushona ili aende naye kwenye nyumba za watu, akae kwenye ndoo, aseme "kushoto, baba" mpaka sauti imkauke.

Hajapona kikamilifu. Yeye mwenyewe hatii chumvi. "Nikichoka, kushoto kunanikimbia," anasema. "Milango bado inanigonga bega. Mama Pacha asipokuwepo, sipaki. Lakini ukuta nikiukabidhi umekamilika. Nani mwenye ushahidi kwamba sijamaliza ukuta wa mtu tangu nirudi kazini?"

Hakuna. Kazi zilirudi, kwanza kwa ndugu, kisha kwa majirani, mpaka ikafika nyumba tatu au nne kwa mwezi, nyingi kuliko kabla hajaugua. Kisha, mwaka huu, mtoto wa dada yake akaingia chuo kikuu.

Binti huyo anasomea ualimu, na kila anayesomea ualimu analazimika kupita darasa la utangulizi wa saikolojia. Ukumbi una mamia ya wanafunzi. Ilikuwa mada ya ubongo. Mhadhiri alizima taa, na kwenye ukuta mkubwa akatokea mwanamume aliyezibwa macho kwa mstari mweusi, anapaka ubao.

"Watu walianza kucheka alipofika katikati akaacha," binti anasimulia, akiyatazama magoti yake. "Aliporudi nyuma kuutazama ubao, ukumbi ukavunjika mbavu. Na mimi nilicheka. Sijui kwa nini nakwambia hivi, lakini nilicheka. Halafu akasema, 'Hapo hata mwenye nyumba mkorofi hakosoi.' Hayo ni maneno ya mjomba. Aliyasema alipopaka chumba chetu nikiwa darasa la tano. Nikaacha kucheka."

Mhadhiri aliacha kicheko kipoe, kisha akaeleza. Alisema: mgonjwa huyu hajui kwamba upande wa kushoto upo. Alisema hajui, hawezi, haoni, kana kwamba ni habari ya asubuhi ile ile. Fundi mwenyewe, asubuhi ile ile, alikuwa kwenye ngazi mtaa wa tatu kutoka pale, anapaka duka la dawa, ukuta wa kushoto na wa kulia.

Mwanafunzi mmoja alikuwa amerekodi kwa simu. Akatia muziki wa kuchekesha, akaituma. Kufikia mwisho wa wiki ilikuwa imefika sokoni, saluni, na kwenye makundi ya simu ya wenye nyumba. Mstari mweusi machoni haukusaidia kitu. Katika mji huu ni nani asiyeijua sauti ile, au jinsi anavyoegemeza rola begani? Fundi akapewa jina jipya: Fundi Nusu.

Watatu waliokuwa wamempa kazi wakaghairi wiki hiyohiyo. Mmoja alisema ndugu yake amejitolea kupaka. Mwingine hakupokea simu. Wa tatu alikuwa mchangamfu: alimwambia aje, ila atamlipa nusu, kwa kuwa si anapaka nusu? Akacheka hadi akakohoa. Fundi anasema alikata simu kwa upole, akaiweka mezani, akakaa mpaka chai ikapoa. Mwezi huu amepata nyumba moja, hii yenye makochi katikati, na mwenye nyumba amesimama mlangoni kama polisi.

Binti ndiye aliyempeleka chuoni. Walipanda ngazi za idara, mjomba akiwa ameshika ukingo, na wakabisha hodi kwa mhadhiri, mwanamke wa makamo ambaye hakuwa miongoni mwa wale waliomjia na kamera. Alikuwa ameirithi video ile pamoja na somo.

"Daktari," fundi alimwambia, "mimi ndiye yule wa ubao."

Mhadhiri alimtazama, akatazama madoa ya rangi kwenye viatu vyake. "Kumbe unapaka?"

"Napaka."

"Bado?"

"Leo nimetoka kupaka."

Binti anasema mhadhiri alikiri kwamba faili la mjomba wake linaishia pale kwenye ubao. Hakuna aliyeandika zaidi. Kwa miaka sita, wanafunzi wamefundishwa kwamba mtu huyu hawezi, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua simu kumuuliza.

Alipozungumza na gazeti hili, mhadhiri hakukwepa. Alisema video ile imefundisha walimu wengi, na kwamba wanafunzi husahau maneno lakini hawasahau ule ubao. Alisema ridhaa ilichukuliwa kwa utaratibu wa wakati ule. Alisema anasikitika sana kwa jinsi ilivyosambaa, na kwamba idara haikuwa na bajeti ya kuwafuatilia washiriki baada ya utafiti kwisha.

Bajeti ya kamera ilipatikana. Bajeti ya plaiwudi, rangi na rola mpya ilipatikana. Ya kumpigia mtu simu kumuuliza, "Hujambo, unaendeleaje?" ndiyo iliyokosekana. Kama hicho ndicho kipimo cha elimu yetu kuhusu ubongo wa binadamu, basi kuna sehemu yetu sisi wenyewe ambayo hatujaipima.

Idara ilikaa kikao ikapendekeza kuiondoa sauti na kuacha picha. Mama Pacha aliposikia alisonya hadi paka akatoka nje. Yeye anataka video ifutwe, basi, na watu wa chuo wasikanyage kwake tena. Mumewe anataka kingine, na kwa siku kadhaa nyumba ile ilikuwa na ubishi usioisha.

"Wakifuta, mtaani itabaki," anasema fundi. "Simu za watu huwezi kuzifuta. Na wale wanafunzi waliosoma kwamba mimi siwezi, wakienda kufundisha watoto wetu, watafundisha nini? Nataka waniite darasani. Niwe nimekaa mbele, mzima, wanione."

"Unakwenda kuoneshwa tena kwa miguu yako mwenyewe?" mkewe alimuuliza.

"Safari ile nilipewa rola, sikupewa nafasi ya kusema. Safari hii naenda kusema."

Chuo kimekubali. Atakwenda mwezi ujao, siku ya mada ya ubongo. Mhadhiri, kwa nia njema, alimwomba afanye jaribio dogo mbele ya wanafunzi, la kukata mstari tu, ili waone tofauti. Fundi alikataa katakata. Hatavaa kofia, hatachora saa, hatakata mstari wa mtu. Asitambulishwe kama mgonjwa. Yeye ni fundi rangi. Karatasi yoyote watakayoleta itasomwa kwa sauti, neno kwa neno, mkewe akiwepo. Na video ya ubao ikioneshwa tena popote, ioneshwe pamoja na kuta alizopaka baadaye. Kama hizo hazina nafasi, basi na ubao usiwe na nafasi. Hilo la mwisho bado wanalijadili.

Binti alikuwa amepanga kutoingia darasani siku hiyo. Mjomba wake akamkatalia.

"Utaingia, mwanangu, ukae mahali pako pa siku zote. Ulicheka kwa sababu ulikuwa gizani na hukuambiwa ni mtu. Wenzako pia hawakuambiwa."

"Na wakicheka tena, mjomba?"

Fundi anafikiri, anajikuna kidevu alichokinyoa pande zote mbili. "Wakitaka kucheka, wacheke taa zikiwa zimewashwa, nami niko mle ndani nawaona."

Mama Pacha, ambaye mpaka wiki iliyopita alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga chuoni, anakunja kanga yake magotini na kusema kwamba ameshaomba kiti.

"Nitakaa kushoto kwake," anasema. "Akicheka mtu wa upande ule, mimi nitamwambia mume wangu ni nani."